Tone la Matabishi

Kama uliwahi kununua maharagwe sokoni Musienene miaka kumi na mitano iliyopita, kwa mama mfupi ambaye kicheko chake kilifika kwa mteja kabla ya salamu, basi uliibiwa. Usikasirike. Uliibiwa kidogo tu, nusu kiganja kwa kila kopo, na mwishoni ukaongezewa matabishi, zile punje za juu ambazo muuzaji wa huku kwetu humpa mteja bila kuombwa ili kesho arudi. Ukaenda nyumbani unamsifu. Huyo ndiye Kanyere Myriam. Kopo lake la maziwa ya unga lilikuwa limebonyea kitako kwa ndani, na ubonyeo huo hakuutia yeye. Aliurithi kwa mama mkwe wake pamoja na meza.

Aliyemkomesha ni Mamère Thérèse, mtawa aliyenunua chakula cha shule. Siku moja alilitazama kopo, akaliinua juu, akaingiza kidole gumba na kukisukuma kitako. Pok! Kikarudi mahali pake. Akalirudisha mezani bila kukunja uso, akasema, "Sasa iko muzuri, mama," kisha akanunua makopo sitini. Kanyere alicheka mpaka machozi, halafu alipobaki peke yake aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Mwaka uliofuata, maabara ya magonjwa ya mimea ilipofunguliwa Butembo, mtaani Mususa, na wakatafuta mtu wa kuosha vyombo vya kioo, Mamère Thérèse alimtuma Kanyere. Aliwaambia kwamba mama huyu anajua kila njia ya kudanganya kipimo, kwa hiyo atafaa sana.

Hivyo ndivyo alivyoingia. Kwa miaka sita alikuwa mwosha chupa, na kopo lake lilikaa juu ya rafu likiwa na brashi ndani yake. Kisha ikaja mashine.

Ilikuja kwa pikapu kutoka Beni, imefungwa kwa magodoro mawili, na kwa nje haikuwa na lolote la kujivunia: sanduku jeupe lenye mfuniko, ukubwa wa televisheni ya zamani. Daktari Gustave, mkuu wa maabara, aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza kazi yake. Virusi vinavyoua nyanya za wakulima wetu, alisema, ni vidogo kiasi kwamba hadubini ya maabara haivioni. Milimita moja ukiigawa vipande milioni moja, kirusi kimoja kinachukua kama vipande thelathini tu. Mashine hii inapiga mwanga wa leza kwenye maji yenye virusi, mwanga unatawanyika, na kwa jinsi unavyometameta mashine inakisia ukubwa. Akaendelea kueleza kwa Kifaransa kwa dakika arobaini, na watu wakaitikia kwa vichwa kama watu kanisani.

Kanyere peke yake alielewa, na hakuelewa kwa hayo maneno. Jikoni kwake, Musienene, bati lilikuwa na tundu la msumari. Asubuhi jua liliingia kwa hilo tundu kama kamba, na ndani ya mwanga ungeona vumbi linacheza. Punje nene zilijivuta. Zile ndogo hazikutulia hata kidogo.

"Docteur," alisema, "donc ile kidogo inacheza mbio, na ile kubwa inacheza polepole. Machine inaangalia tu muchezo?"

Gustave akavua miwani, akaifuta. "Voilà," alisema. "Ni vile."

Sasa, Gustave alikuwa mtu mwema na msomi kwelikweli, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: mikutano. Leo semina Goma, kesho warsha Beni, keshokutwa kamati. Alijifunza mashine kwa siku mbili, akamwachia Kanyere "kwa muda kidogo," na muda huo mdogo ukafika miezi minane. Barua za kuomba vifaa ziliandikwa jina la Gustave, ripoti ziliandikwa jina lake, na kila namba iliyokuwemo ilitoka kwenye mikono ya yule mama wa maharagwe. Hakuna aliyelalamika. Kanyere mwenyewe aliona ni kichekesho kizuri, na kwa kuwa alipenda vichekesho aliacha kiendelee. Ila jioni, kabla ya kufunika sanduku kwa kitambaa, alilipigapiga mgongoni kama mtu anavyompigapiga mtoto aliyeshiba. Alilipenda. Hakuwahi kumwambia mtu.

Na alikosea, bila shaka. Wiki ya tatu alipima virusi vya nyanya vilivyosafishwa. Maagizo yalisema tone moja tu ndani ya maji yaliyochujwa. Tone moja! Alilitazama likizama, maji yakabaki maangavu kama hayakuguswa, na moyo wake wa sokoni ukakataa. Nani anampa mtu kitu kidogo hivyo na kumtazama usoni? Akaongeza tone la pili, la tatu, na la nne la adabu. Mashine ikasema kumi na tisa, wakati kila kitabu kilisema karibu thelathini. Gustave alihangaika siku tatu, akaandika barua Ulaya, akashuku umeme. Kanyere alishika ule mrija wa kioo wenye maji hayo, akauchungulia dirishani, akaona ukungu. Mwanga ulikuwa unaingia na kugonga kirusi hiki, kisha kile, kisha kingine, unatoka mle umevurugwa kabisa, na mashine ilifikiri inaona mchezo wa vitu vidogo zaidi. Akapunguza kwa maji. Ishirini na sita. Akapunguza tena. Ishirini na tisa. Akapunguza tena. Ishirini na tisa. Ikakataa kusogea, na hapo ndipo aliposadiki.

Siku hiyohiyo alichukua kalamu nene akaandika karatasi na kuibandika ukutani juu ya mashine: HAPA MATABISHI HAPANA. Gustave akaisaini chini, akicheka.

Basi mambo yalikuwa yakienda vizuri, mpaka Julai, vumbi la Butembo likiwa limefika kwenye nyusi, ikaja barua kwamba Inspekta Ilunga anakuja.

Ilunga alikuwa mtu wa serikali, mzaliwa wa Katanga, aliyetumwa huku miaka miwili nyuma. Alivaa tai hata Jumamosi. Habari ilikuwa hii: mkoa mzima una mashine moja tu ya namna hiyo, na maabara ya Beni inaitaka. Inspekta ataleta kichupa kilichofungwa chenye vigololi vya plastiki, vidogo kama virusi, ambavyo ukubwa wake umeandikwa kwenye bahasha mfukoni mwake. Butembo wakiupata ukubwa huo, mashine inabaki. Wakiukosa, inapanda pikapu jioni hiyohiyo na magodoro yake.

Kanyere alipoisikia hiyo habari, alikwenda moja kwa moja kwa Gustave.

"Docteur, mi nitapima," alisema.

Gustave alijikuna shingo. "Mama Kanyere, ku papier zote, responsable ni miye. Inspecteur akiona ni mama ya kuosha machupa njo anapima, atasema nini? Nitapima miye. Weye utasimama ku kona."

"Na ukisahau?"

"Utakohola. Mara moya, niendelee. Mara mbili, nisimame. Tumesikilizana?"

"Na nikikohola mara tatu?"

"Mara tatu ni nini?"

"Ni kama kikohozi yenyewe imekuya."

Na kwa kuwa alitaka kila kitu kipendeze, usiku wa kuamkia ugeni Gustave alibandua ile karatasi ya kalamu nene. Mahali pake hakuweka kitu. Zikabaki alama nne za gundi ukutani.

Asubuhi Kanyere alifukuza kila mwenye ufagio. Alipangusa sakafu kwa kitambaa cha maji, akafunga madirisha, kwa sababu punje moja tu ya vumbi ndani ya kile kichupa cha mraba wanachokiita cuvette humetameta kuliko maelfu ya virusi na kuharibu kila kitu. Saa tatu Inspekta Ilunga akaingia, na nyuma yake Madame Josée, mkuu wa maabara ya Beni, mwanamke mrembo mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Waliosha mikono kwa maji ya klorini pale mlangoni, kama sisi sote tulivyozoea tangu miaka ya Ebola. Ilunga akauliza majina na kazi za waliokuwepo, akaandika. Mbele ya jina la Kanyere aliandika: wa usafi.

Gustave akaketi. Akafungua cuvette, na moja kwa moja akaishika tumboni, palepale mwanga unapopita, kwa kidole chenye jasho.

Kanyere akakohoa mara mbili.

Enyi wasomaji, kuna miji ambayo mtu anaweza kukohoa ofisini na maisha yakaendelea. Butembo si mmojawapo. Kalamu ya Inspekta ilisimama hewani. Madame Josée alirudi nyuma hatua mbili, bila haraka na bila kuomba radhi.

"Mama," Ilunga alisema, "unakohola?"

"Hapana, Inspecteur. Ni vumbi tu."

"Vumbi? Humu ndani? Mais docteur ameniambia sasa hivi humu vumbi haiko!"

Katika miaka yake yote ya sokoni Kanyere hakuwahi kunaswa kwa swali fupi kiasi hicho. Ilunga akatoa thermoflash ya kupimia homa kwenye mkoba, akamwelekezea paji la uso. Thelathini na sita nukta nne. Hata hivyo, alisema, sheria ni sheria, mama avae barakoa, akapumzike nje, aoshe mikono tena.

Kwa hiyo mambo yote yaliyofuata aliyaona kupitia kioo cha dirisha, amesimama kwenye vumbi, barakoa imemfika machoni. Alimwona Gustave akifungua kichupa cha Inspekta. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kizito kama maziwa. Alimwona akichukua mrija wa kioo wenye maji yaliyochujwa na kudondosha tone moja ndani yake. Vizuri. Endelea. Kisha alimwona akisita na kuinua mrija kwenye mwanga. Maji yalionekana matupu. Gustave akamtazama mgeni wake, yule mwenye tai, aliyeketi akisubiri, na Kanyere akaujua ule uso. Ni uso wa kila Mnande mwenye heshima, mtu wa huku kwetu, aliyemwekea mgeni sahani na kuona chakula hakijai.

"Usiongeze," alinong'ona. "Baba, usiongeze."

Akaongeza. Tone la pili. Tone la tatu. La nne. Na lile la tano, la mwisho, alilidondosha kwa tabasamu.

Mashine ikafanya kazi yake, ikaandika arobaini na moja. Wakarudia maji yaleyale: arobaini na tatu. Gustave akapumua, kwa sababu namba mbili zinazokaribiana humtuliza msomi hata kama zote mbili ni uongo. Ilunga akagusa mfuko wenye bahasha. Kanyere hakujua kilichoandikwa ndani yake, lakini maji yaliyogeuka meupe kama maziwa vile aliyajua kama anavyojua kopo lililobonyea. Sanduku lake lingeondoka. Angerudi kwenye brashi.

Akaingia mbio jikoni mwa maabara.

Dakika tano baadaye alibisha mlango akiwa na sinia, barakoa, na mikono inayonuka klorini mita mbili. Hakuna mkaguzi wa Kongo aliyewahi kufukuza chai. Mbele ya Ilunga aliweka kikombe cha maziwa hasa, kimejaa mpaka ukingoni na kumwagikia sahani. Mbele ya Madame Josée, vilevile. Mbele ya Gustave aliweka glasi ya maji ya moto. Akachukua jagi la maziwa, akaliinamisha kwa uangalifu mkubwa, likadondosha tone moja. Akaliondoa.

Gustave akaitazama. "Mama Kanyere, hii ni chai ya namna gani?"

"Ni ya kwako, Docteur."

"Na maziwa?"

"Imeshaingia. Tone moya."

"Ongeza basi!"

"Hapana." Akaelekeza kidevu ukutani, kwenye zile alama nne za gundi. "Docteur, hapa matabishi hapana. Mulisaini nyinyi benyewe."

Gustave alikuwa amefungua mdomo kumkaripia. Mdomo ukabaki wazi. Aliitazama glasi: aliona kupitia kwake dirisha, uwanja, na pikapu ya Beni inayosubiri. Akaitazama cuvette: hakuona kitu upande wa pili, ilikuwa kama kikombe cha Inspekta. Rangi ikamtoka, ikarudi, ikatoka tena.

"Docteur," Ilunga alisema, kalamu mkononi, "niandike arobaini na mbili? Ni jibu ya mwisho?"

Hapa Gustave angeweza kusema kwamba angependa kurudia kidogo, kwa ajili ya usahihi, na pengine angefanikiwa. Maneno hayo alikuwa nayo, aliyatumia katika mikutano kila mwezi. Lakini Madame Josée alikuwa akiitazama ile glasi kwa macho yake yasiyopitwa na kitu, na pembe moja ya mdomo wake ilikuwa imeanza kupanda.

Gustave akasimama. Akakivuta kiti nyuma.

"Inspecteur, hiyo namba usiiandike. Ni ya bongo, ni uongo mutupu. Nimetia matone tano pahali ya moya, juu ya kukuheshimia. Na tena..." Akameza mate. "Tena machine hii siijui. Toka mwezi ya kumi na moya, njo mama huyu anapimaka. Ripoti zote munasomaka kule, ni mukono yake. Jina njo ya kwangu. Mama Kanyere, kuya ukae."

Kanyere aliona kwamba akichelewa hata sekunde moja zaidi atalia mbele ya mtu wa serikali, kwa hiyo akamgombeza Gustave.

"Angalia vile mulishika kioo! Kidole nzima iko hapa! Nani atapanguza?"

Akakaa. Akachukua cuvette nyingine, akaishika juu, kwenye pembe. Tone moja kwenye maji yaliyochujwa. Mashine ikasema hamsini na saba.

"Voilà," Ilunga akasema.

"Bado, Inspecteur."

Akapunguza nusu kwa maji. Hamsini na tisa. Ilunga akainua kalamu. "Bado." Akapunguza tena. Sitini. Akapunguza tena, mpaka maji yakawa matupu machoni kuliko ile glasi ya Gustave. Sitini. Akarudia. Sitini.

"Sasa andika," alisema. "Nimemupunguzia mara tatu na amekataa kubadirika. Huyo anasema kweli."

Ilunga akachana bahasha. Alisoma, akasoma tena, akageuza karatasi watu waione. Sitini. Gustave aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akashika kichwa.

Inspekta hakucheka. Alifungua fomu yake, ukurasa wa kwanza, akapiga mstari juu ya jina la Gustave palipoandikwa mhusika wa mashine. Akapiga mstari mwingine juu ya "wa usafi." Alifanya hivyo polepole, kwa rula.

"Majina yote, mama."

"Kanyere Myriam."

"Kazi ya mbele, ile ya zamani?"

Kanyere alitazama juu ya rafu, ambako kopo la maziwa ya unga lilisimama na brashi zake, kitako chake kimenyooka.

"Andika: alipimaka maharagwe," alisema. Kisha, kwa kuwa leo ilikuwa siku ya watu kusema ukweli, akaongeza, "Mubaya kwanza. Nyuma, muzuri."

Nje, Madame Josée alikuwa akirudisha magodoro matupu kwenye pikapu. Hakuwa amenuna, ila alikuwa amechoka, na kilomita zaidi ya hamsini za vumbi zilimsubiri. Kanyere alimfuata, barakoa imeshuka kidevuni.

"Madame, kule Beni muko na virusi ya kupima?"

"Tuko nayo. Mingi. Nyanya ya Mutwanga inakufa yote."

"Lete. Yenu itapita ya kwanza, mbele ya yetu. Kila juma, michupa kumi."

Josée alimtazama, akijaribu kuona kama anataniwa. "Kumi?"

"Kumi. Na ya kumi na moya."

"Ya kumi na moya ni ya nini?"

Kanyere alikuwa ameanza kucheka hata kabla ya kujibu, kile kicheko chake cha Musienene, na dereva wa pikapu akaanza kucheka naye bila kujua sababu.

"Ile ni matabishi yako," alisema. "Lakini tone, ni moya tu."